Togwa ya Siku ya Tatu

Gati alinipigia simu asubuhi nikiwa namenya ndizi. Alisema neno moja tu, "Mama," nami nikazima jiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa simu hiyo tangu Mama Gati alipoanza kukataa chakula, lakini kujiandaa hakusaidii kitu. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa sauti, bila kujificha. Jirani yangu aliposogea mlangoni kuuliza kuna nini, nilimwambia kwamba nimefiwa, nina huzuni, na tena nina hasira, kwa sababu nilipanga kwenda kumwona wiki iliyopita nikaahirisha. Jirani alinitazama kama mtu aliyeuliza saa akasimuliwa historia ya saa. Hakujua kwamba kusema hivyo nilifundishwa, na kwamba aliyenifundisha ndiye aliyekufa. Nina miaka hamsini na mmoja sasa. Nilijifunza nikiwa na ishirini na saba, kwa mwaka mmoja, katika jiko la mwanamke ambaye hakuwa ndugu yangu wa damu.

Kabla ya hapo nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha pale Sirari. Chumba kilikuwa na meza mbili, kabati la mafaili lisilofungika, na dirisha lililotazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Juu ya meza yangu ilikaa chupa ya chai yenye maua mekundu, na wateja waliamini kwamba napenda sana chai ya rangi. Mwanzoni ilikuwa chai kweli. Baadaye ikawa chai na pombe kali kidogo, baadaye pombe kali na chai kidogo, na mwishowe hata majani ya chai niliacha kununua. Nilikuwa nimemzika mwanangu wa miezi minane. Aliugua malaria Jumatatu, akafa Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa mezani nagonga mihuri. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia nijikaze, kwamba ni mapenzi ya Mungu na mimi bado ni kijana. Nikajikaza. Nilijikaza mpaka siku ile dereva mmoja wa Kenya alipoinama dirishani na karatasi zake mkononi, akasema taratibu, "Madam, hapa umeandika nimebeba ng'ombe. Na mimi si nimebeba simiti." Yeye alikuwa mpole. Bosi wangu hakuwa mpole, na mpaka leo simlaumu.

Mama Gati alikuwa akileta mtama sokoni Sirari, na akifika alikuwa anapumzika kwenye baraza la ofisi yetu, nami nilikuwa nampa maji ya kunywa. Kujuana kwetu kulikuwa hivyo tu. Wiki mbili baada ya kufukuzwa kazi alinikuta nimelala kwenye baraza lilelile, saa nne asubuhi, watu wakinipita. Alinitikisa bega. "Wewe Bhoke, unajua kupalilia?" Nikamwambia najua. "Basi amka. Kwangu majani yamenishinda." Nikaamka. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama siku ile alisikia sauti ya Mungu ikimtuma, maana watu kanisani walipenda kuisimulia hivyo. Alicheka. "Mungu hakusema kitu. Niliona mguu wako mmoja una kiatu na mwingine hauna."

Kwake kulikuwa upande wa Serengeti, kijiji cha wakulima na wafugaji, nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili na jiko la nje lililoezekwa nyasi. Alikuwa mjane na shemasi wa kanisa. Bintiye Gati, msichana wa miaka kumi na tisa, aliniachia nusu ya kitanda chake bila kuulizwa. Siku tatu za kwanza nilitetemeka hata kikombe kikanishinda, na Mama Gati akaenda zahanati kumwita nesi. Alikuja Nesi Zuhura, Mwislamu kutoka Kondoa, aliyepangiwa kazi kule na serikali na kuzoea matope yake. Alisema mtu aliyekunywa kama mimi akiacha ghafla bila kuangaliwa anaweza kufa, kwa hiyo maombi yaendelee lakini na yeye atapita asubuhi na jioni. Akawa anapita. Nilipoweza kushika kikombe alikaa pembeni mwa kitanda akaniuliza, "Bhoke, huwa unakunywa ukiwa na hasira, ukiwa na huzuni, au ukiwa mpweke?" Nilimjibu kwamba nakunywa nikiwa na kiu. "Ya kiu ni maji," akasema. "Nakuuliza hiyo nyingine." Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile, wala sikuwa nimejiuliza mwenyewe. Akiondoka alimwambia Mama Gati mlangoni, nami nikasikia, "Mama, wewe mwombee kwa namna yako, na mimi nitamwombea kwa namna yangu. Ila kila asubuhi muulize moyo wake umeamkaje. Na asikujibu salama."

Mjue kwamba hilo lilikuwa jambo gumu. Sisi ni watu wa salama. Mtu nyumba imeungua, mke amekimbia, ng'ombe wamechukuliwa, ukimuuliza habari za asubuhi atasema salama, ndipo aanze kukueleza. Lakini Mama Gati alilipokea agizo la nesi kama alivyopokea maagizo ya dawa, mara moja kutwa kabla ya kula. Kila asubuhi alikoroga uji wa mtama, moshi ukamtoa machozi, akaniuliza bila kugeuka, "Moyo umeamkaje?" Nikisema salama, alishika upawa asinipakulie. "Salama haipokelewi jikoni hapa." Siku za mwanzo nilidanganya ili nipate uji. Nilisema nina huzuni kama anayetaja jina la kijiji asichowahi kufika. Kisha asubuhi moja nilisikia mtoto wa jirani akilia, kilio cha mtoto anayetaka kunyonya, nami nikasema, "Mama, leo nina hasira na Mungu." Gati aliacha kupuliza moto. Mama Gati alinipakulia uji mpaka ukingoni. Alisema, "Haya, sasa mwambie yeye," akafumba macho palepale na upawa mkononi akasubiri. Nikamwambia Mungu yote. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mama Gati akamalizia kwa amina ya kawaida, kama vile nimeomba mvua. Nilikunywa uji ule ukiwa umepoa, na ninaukumbuka kuliko chakula chochote nilichowahi kula.

Kanisani mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Mchungaji wetu alikuwa kijana, mwaminifu, mwenye haraka ya kumwona Mungu akifanya kazi. Mwezi wangu wa pili pale aliniwekea mikono, akakemea pepo la ulevi, na wiki iliyofuata akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nikasimama nikasema kiu imeondoka kabisa. Haikuwa kweli hata kidogo. Kiu ilikuwa inakaa nami hata wakati nasema. Lakini watu walishangilia kwa furaha ya kweli, akina mama wakanikumbatia, na mtu aliyeishi muda mrefu bila kukumbatiwa hawezi kusimama katikati ya jambo kama lile akasema subirini kidogo. Nikarudia ushuhuda huo Jumapili nyingine, na nyingine. Kila niliporudia, jikoni asubuhi nilirudi kusema salama. Mchungaji akaanza kupanga kunipeleka Tarime kwenye mkutano mkubwa wa injili, na Mama Gati, aliyenidhamini mbele ya baraza la wazee wa kanisa, akanishonea gauni.

Mwezi wangu wa nne ilifika zamu yetu ya ujima. Pale watu wa kanisa walikuwa wanalimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Zamani mwenye shamba alikuwa anawalipa majirani kwa pombe ya mtama, lakini wenye dini waliiondoa pombe wakaweka togwa: uji wa mtama unatiwa kimea, unalala, kesho yake mchana una utamu na hauna ulevi wowote. Mama Gati alipika vyungu vitatu jioni, tayari kwa kesho. Alfajiri ikaja habari kwamba mzee mmoja jirani amefariki, na kwa desturi ya pale, maiti ikiwa haijazikwa kijijini hakuna anayeshika jembe. Tukakaa msibani siku ile, tukazika siku ya pili, na siku ya tatu watu wakaja shambani. Ilikuwa siku za joto. Mama Gati alipofunua vyungu aliona povu, akaonja, akasema imechachuka kidogo, akatia sukari. Mtu mwingine yeyote mwenye umri wake katika wilaya nzima, asiye wa kanisa letu, angejua palepale kilichokuwa ndani. Yeye hakujua, kwa sababu alizaliwa katika nyumba ya dini, akaolewa katika nyumba ya dini, na hakuwahi kuweka pombe mdomoni hata siku moja. Akina mama wenzake na wazee wa kanisa walikuwa hivyohivyo. Shamba zima lilikuwa na mtu mmoja tu mwenye ulimi wa kujua, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilijua kwa funda la kwanza. Kata ya kunywea ilikuwa mkononi, jua la saa tano kichwani, Mama Gati mbele yangu akiuliza, "Sukari imetosha?" Nilikuwa na sekunde chache za kusema kwamba hii ni pombe. Niliwaza watu wataniuliza umejuaje, na katika kuuliza watakumbuka mimi ni nani. Niliwaza gauni. Na chini ya mawazo hayo yote ya heshima kulikuwa na wazo jingine, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu, kwamba hapa nimepewa na shemasi, mchana, baada ya sala, na hakuna atakayenilaumu. "Imetosha, mama," nikasema, nikamaliza kata ile, nikachota ya pili, na ya tatu. Wenzangu nao walikunywa. Ningecheka kama ningeweza. Mzee wa kanisa aliyekuwa hasemi neno lisilo la lazima alianza kuimba pambio akiwa peke yake na kulirudia mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Kiongozi wa kwaya alilima mstari wake akaingia mstari wa jirani akaenda nao mpaka mwisho. Wakasema Roho amewashukia, kwa maana kazi haijawahi kwenda vile. Saa nane, wao walipojinyoosha kivulini wakidhani ni uchovu, mimi nilisema naenda kutafuta kuni, nikashuka bondeni moja kwa moja hadi kilabuni, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza pombe. Sikurudi jioni ile.

Asubuhi nilipofumbua macho nilikuwa kwenye mkeka pembeni ya ukuta wa kilabu. Wazee wanne walikuwa wamekwisha kaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na hawakuwa wanakunywa. Walikuwa wanamtazama Mama Gati. Alikaa kwenye benchi lao, kitambaa cha ushemasi kichwani, mikono magotini, kama anayesubiri daktari. Mwenye kilabu baadaye alinieleza kwamba alifika kabla ya jua, akawaamkia wote, akaomba nafasi ya kukaa. Aliona nimeamka akasimama. "Bhoke, twende nyumbani. Uji unapoa." Njiani sikuweza kumtazama. Tulipofika jikoni alichukua upawa. "Moyo umeamkaje?"

Nilisema, "Una aibu, mama." Kisha nikasema yote. Kwamba togwa ilikuwa imekuwa pombe, kwamba nilijua kwa funda la kwanza, kwamba kiu haijawahi kuondoka hata siku moja na ushuhuda wote ulikuwa uongo. Aliuliza jambo moja tu. "Mbona hukuniambia mimi, hapa jikoni?" Nikamwambia niliogopa atanirudisha Sirari. Alikaa chini kwenye kuni. Nilimwona anafikiri, na nikaona uso wake unabadilika pale alipofika mahali pa kuelewa kwamba yeye, binti wa nyumba ya dini, amewanywesha pombe wazee wa kanisa. Gati alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mama Gati hakucheka. Alisema, "Kumbe tumeanguka wawili." Jioni Nesi Zuhura alikuja, akanipima, akasikiliza habari nzima. Hakunikemea. Alisema kurudi nyuma hutokea, wala si mwisho wa safari, na kwamba kilichoniangusha kilianza siku nyingi kabla ya chungu, siku nilipoanza kujibu salama.

Jumapili mchungaji alipouliza nani ana neno, nilikuwa najiandaa kusimama. Mama Gati alinishika mkono akanikalisha, akasimama yeye. "Bwana asifiwe. Nilipika pombe, na Alhamisi nikawapa mkanywa. Togwa ililala siku tatu na mimi sijui ladha ya pombe." Mzee wa pambio aliinamisha kichwa. "Mwanangu Bhoke alijua, na alinyamaza, kwa sababu sisi tulimfanya aone kwamba hapa mtu mgonjwa hana ruhusa ya kusema anaumwa. Yeye ameanguka, na mimi ndiye niliyempa kata. Kama kuna adhabu, tutakaa wote." Kisha akanigeukia, "Sasa sema, mwanangu." Nilisimama nikasema maneno mafupi. Nilisema, "Bado nina kiu. Nisaidieni." Hakuna aliyeshangilia safari hii. Lakini mama mmoja wa kwaya alianza kulia, na baada ya ibada akanifuata kuniambia kuhusu mume wake, na wiki iliyofuata alikuja mwingine.

Baraza la wazee lilikaa. Adhabu ya kanisa letu kwa jambo la pombe ilikuwa kutengwa miezi mitatu: hukai na wenzako, hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mchungaji alitaka kumsamehe Mama Gati kwa kuwa hakukusudia. Mama Gati alimwambia, "Baba mchungaji, huyu akikaa nyuma peke yake, tutamtafuta kilabuni." Akavua kitambaa cha ushemasi, akakikunja, akakiweka mezani. Tukakaa nyuma miezi mitatu. Ninaweza kusema bila kuongeza chumvi kwamba benchi lile ndilo lililoniponya, kadiri nilivyopona. Lilikuwa na mguu mmoja mfupi, ukisogea mwenzako anajua. Pale nyuma sikuwa na ushuhuda wa kutoa wala sura ya kulinda. Nililia wimbo ukinigusa, nilinuna siku za kununa, na siku moja katikati ya mahubiri nilimnong'oneza Mama Gati jina la mwanangu, ambalo sikuwa nimelitamka tangu nimzike. Alilirudia kwa sauti ya chini. Tangu siku hiyo alimtaja katika sala zake za asubuhi pamoja na wafu wake mwenyewe, na moyo wangu ukapata mahali pa kumweka. Mchungaji naye alibadilika. Aliacha kuwaita watu mbele kabla ya wakati, na nilimwona mara nyingi amekaa kwenye ngazi za zahanati akiongea na Nesi Zuhura, daftari mkononi.

Nilianguka tena mara moja mwaka ule, mwezi wangu wa tisa pale. Nilisema siku hiyohiyo, kabla ya uji. Baada ya hapo sijanywa, na nasema hivyo kwa uangalifu wa mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Mwaka ulipoisha nilipata kazi ya karani Tarime, nikaondoka na gauni lile na sufuria niliyopewa na Gati. Namshukuru Mungu kwa mwaka huo kuliko miaka yote ya afya yangu. Namshukuru kwa nesi aliyejua dawa na aliyejua kuuliza. Namshukuru kwa mtu aliyekubali kushushwa ili nisikae peke yangu. Nimeishi mpaka sasa kwa swali moja la jikoni.

Msiba ulikuwa na watu wengi. Mazishi yaliahirishwa kwa siku mbili kumsubiri mjukuu aliyekuwa akisafiri kutoka mbali, na Gati, ambaye sasa ni mama mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekwisha pika togwa ya waombolezaji. Siku ya kuzika, baada ya kurudi kaburini, mstari wa kunywa togwa ulikuwa umekwisha pangwa, wazee wa kanisa mbele, akina mama wa kwaya nyuma yao, na vijana ambao hawanijui. Gati alinifuata pale nilipokaa, kata mkononi. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. "Dada Bhoke," akasema, "imelala siku tatu." Sikuichukua kata. Nilisimama nikaenda naye mpaka kwenye chungu, nikainama, nikanusa, na kiu ikaniamkia kama jirani wa zamani. Watu walikuwa wananitazama. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Hii imekuwa pombe. Mwageni. Naijua kwa sababu mimi ni mlevi, na mama huyu tuliyemzika alikaa na mimi."

Gati alishika ukingo mmoja wa chungu, mimi nikashika mwingine, tukamwaga nyuma ya jiko. Akina mama wakaleta ndoo za maji kutoka kisimani, tukachota kwa kata zilezile, na watu wote wakanywa maji, na mimi nikanywa nao.